Wanaotupigia Zilipendwa

Tabora ilikuwa na bendi zake: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata. Nyimbo zao bado zinatuinua vitini harusini, na anayezipiga siku hizi ni mwanamuziki wa kopi, ambaye hakuna anayeuliza jina lake.

Kazi yake ni nzito. Nyimbo hizo huzishika kwa sikio, akirudia kipande kile kile cha gita la solo mpaka vidole vikubali. Ridhimu na besi lazima viachiane nafasi, na chemko, ile sehemu ya kuchangamka, lije pale pale wazee wanapolingojea. Akikosea watajua, maana wamezicheza tangu ujana.

Halafu kuna utani. Tura, mashariki mwa mji wa Tabora, ilikuwa kituo cha misafara kati ya pwani na Unyanyembe, na safari zile zilichangia kuwafanya Wanyamwezi na Wazaramo kuwa watani hadi leo. Basi harusini, mshenga akiwa Mzaramo, mwimbaji hubadili maneno papo hapo: penye kilio cha mapenzi huingia mshenga na ubahili wake. Mizani itoshe kwenye mdundo, kina kisipotee, mzaha uchome bila kujeruhi. Akizidisha, anavunja shughuli. Akipunguza, hakuna anayecheka.

Alfajiri hubeba spika zake mwenyewe, na malipo ni madogo. Lakini vijana ambao hawajawahi kushika santuri wanaziimba nyimbo hizi kwa sababu yake. Mkiinuka kucheza, mtunzeni. Anatudai.