Rangi za Enzi ya Mvuke katika Skrini ya Kompyuta

Miongoni mwa mitindo ya kupamba skrini ya kompyuta umo ule uitwao stimpanki. Jina hilo lilitungwa mwaka 1987 na K. W. Jeter, mwandishi wa Marekani, katika barua aliyoliandikia jarida la Locus. Alilifuatisha neno saibapanki, nusu kwa mzaha, apate kuziita hadithi zirudizo nyuma hadi Uingereza ya Malkia Victoria na mitambo yake ya mvuke. Mzaha huo umekwisha kuzaa mavazi na mapambo, na sasa rangi za madirisha na vitufe vya kompyuta. Rangi zenyewe aghalabu ni zile zile: hudhurungi ya ngozi, shaba iliyofubaa, kutu na karatasi kuukuu.

Yafaa kuuliza kama enzi ya mvuke ilikuwa na sura hiyo. La, haikuwa nayo. Jumba la Kioo lililojengwa Hyde Park, London, kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1851, vyuma vyake vya ndani vilipakwa nyekundu, manjano na buluu kwa shauri la Owen Jones. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akitafuta kwinini katika vitu vitokanavyo na lami ya makaa ya mawe, akapata zambarau badala yake; haikupita miaka mingi zambarau hiyo ikawa fasheni ya nguo za wanawake. Magari ya moshi nayo yalipakwa rangi za fahari. William Stroudley, mkuu wa mitambo wa reli ya Brighton tangu mwaka 1870, aliyapaka ya kwake rangi aliyoiita kijani kilichoboreshwa, ambayo kwa jicho la kila mtu mwingine ilikuwa manjano. (Wachunguzi wa majina ya rangi hawatapata mfano mzuri kuliko huo.)

Hudhurungi basi yatoka wapi? Yatoka katika picha za zamani. Mtunzi amechukua rangi ya picha iliyochakaa, akaidhani kuwa ndiyo rangi ya kitu kilichopigwa picha. Shaba ya mtambo ilisuguliwa hata ikang'aa. Mwenye kuiacha ifubae alihesabiwa mvivu.

Watetezi husema kuwa stimpanki ni ndoto, si historia. Na iwe hivyo. Lakini skrini ya kawaida ina rangi 16,777,216, na mwenye ndoto anayerudia nne tu hawezi kusifiwa kwa ubunifu.

Shaba ina taabu yake zaidi. Kiswahili hutenga shaba nyekundu na shaba nyeupe, lakini orodha ya majina ya rangi itumikayo katika kurasa za intaneti, yenye majina zaidi ya 140, ina dhahabu na fedha, wala haina shaba yoyote. Tena shaba si rangi moja: ni mwanga unaotembea juu ya madini. Ikimwagwa bapa juu ya dirisha zima huwa haradali. Hapana budi ipewe kivuli na mng'ao, nayo ibaki pembezoni.

Kosa kubwa limo katika maandishi. Herufi za dhahabu iliyoiva, namba B8860B, juu ya hudhurungi ya tandiko, namba 8B4513, zina uwiano wa mwanga upatao 2.2 kwa 1, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 wataka usipungue 4.5 kwa herufi za kawaida. Anayesoma humo kutwa macho yatamuuma. Herufi hizo zikibadilishwa kuwa rangi ya ngano, F5DEB3, uwiano wafika 5.4, na hudhurungi haikuguswa. Kitufe cha kufunga nacho chaweza kupewa nyekundu safi, kama ule ubao wa mbele wa magari ya moshi ya Uingereza.