Banjo, Video na Mwalimu Asiyesikia

Banjo ya nyuzi tano ni ala ya kudonoa yenye shingo ndefu na tumbo la duara lililowambwa mfano wa ngoma, na bluegrass ni mtindo wa muziki wa Marekani uliochukua jina lake kwa bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys, ambamo banjo hiyo hupigwa kwa vidole vitatu vilivyovikwa kucha za bandia. Upigaji wa vidole vitatu ulipata sura yake ya leo mikononi mwa Earl Scruggs, mzaliwa wa North Carolina aliyejiunga na bendi ya Monroe mwezi Desemba 1945, na kwa miaka mingi ulienea kwa kukaa na anayeujua, au kwa kusikiliza santuri mpaka ichakae, au kwa kitabu, kama kile cha Pete Seeger cha mwaka 1948 na kile cha Scruggs mwenyewe cha mwaka 1968. Tangu YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005 imeongezeka njia nyingine, yaani masomo ya video yasiyolipiwa. Uchambuzi huu unaitazama njia hiyo pale ambapo ile ya kwanza haipo, kwa mwanafunzi aliye Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, mwenye simu, bando la intaneti na ala ambayo mtaani hakuna wa kumkosoa akiipiga.

Ugeni wa ala yenyewe usikuzwe kupita kiasi. Watu wa pwani wanalijua gambusi, ala ya nyuzi iliyotoka Yemeni ambayo tumbo lake huwambwa ngozi, na mizizi ya banjo iko Afrika: wataalamu huitaja akonting ya Wajola wa Gambia na Senegali, yenye kibuyu, ngozi na uzi mfupi wa kidole gumba, kuwa miongoni mwa ndugu zake wa karibu. Mwaka 2005 mpiga banjo Béla Fleck alizuru Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kuitafuta asili hiyo, akarekodi na Anania Ngoliga na ukoo wa Zawose, kisha filamu iliyotokana na safari hiyo ikapewa jina linalofasiri asili isimuliwayo ya jina la mji wa Bagamoyo, yaani kubwaga moyo. Wala kujifunza muziki wa mbali si jambo jipya visiwani. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka mtu Misri akajifunze muziki wa huko, na wapigaji wa taarabu waliofuata waliokota nyimbo na mapigo kutoka kwenye santuri na filamu za Kimisri bila kuvuka bahari. Santuri, hata hivyo, ilitoa sauti na kuuficha mkono, hivyo msikilizaji alilazimika kukisia ni kidole gani kilichogusa uzi gani. Wanafunzi wa banjo nchini Marekani waliizungusha santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 16, yaani nusu yake, na sauti ikashuka kwa oktava nzima, ikawa nzito kama ya ala nyingine, lakini noti zikahesabika.

Video imeurudisha mkono mbele ya macho, na hilo ndilo badiliko kubwa, ingawa mkono huo hauonekani kwa ukamilifu ambao wengi hudhani. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ambao katika bluegrass si wa ajabu, na noti 4 ndani ya kila pigo, mkono wa kulia hupiga noti 8 kila sekunde. Video ya kawaida huwa na picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila noti hupata picha zisizotimia 4, na tendo lenyewe la kudonoa huangukia katika picha moja au mbili tu, tena zenye ukungu. YouTube huruhusu mwendo upunguzwe hadi 0.25 huku kimo cha sauti kikibaki palepale, jambo ambalo santuri haikuliweza. Lakini kupunguza mwendo hakuongezi picha ambazo kamera haikuzipiga. Kinachoongezeka ni muda wa kuzitazama zilezile chache, na sauti nayo huanza kuburuzika, ule mwanzo mkali wa noti ukalainika. Ndiyo maana somo ambalo mwalimu mwenyewe anapiga polepole lina thamani kubwa kuliko onyesho la kasi lililopunguzwa mwendo na mtazamaji. Tena mwalimu anayeikabili kamera huonekana kama mtu aliyeketi mbele ya mwanafunzi, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa kushoto wa kioo cha simu, na anayeanza hupoteza siku nyingi akigeuza picha hiyo kichwani. Somo lililopigwa picha kutoka juu ya bega la mpigaji humwondolea kazi hiyo, na inafaa kulitafuta hata kama mwalimu wake hana umaarufu.

Kiini cha fundisho lote ni mizunguko ya mkono wa kulia, yaani mipangilio ya noti 8 ambayo vidole huirudia bila kusita. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule ulio karibu na sakafu: wa kwanza hutoa D, wa pili B, wa tatu G, wa nne D ya chini, na wa tano, ambao ni mfupi na kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, hutoa G ya juu. Nyuzi zikipigwa zote bila kubanwa hutoa mlio mmoja uliokamilika, jambo linalompa anayeanza faraja ya mapema, maana hata asiyejua lolote huweza kutoa sauti tamu siku ya kwanza. Mzunguko wa kwenda mbele hupita nyuzi 3, 2, 1, 5, 2, 1, 5, 1: gumba huanza, kidole cha shahada hufuata, kisha cha kati, halafu gumba tena, na kuendelea. Kanuni inayoshikilia mizunguko yote ni kwamba kidole hakipigi mara mbili mfululizo, ili kila kimoja kipate nafasi ya kurudi mahali pake kabla ya zamu yake. Katika mzunguko huu gumba huangukia noti ya kwanza, ya nne na ya saba, hivyo noti 8 hugawanyika kuwa 3, 3 na 2. Mgawanyo huo si mgeni kwa sikio la Afrika Mashariki, kwa kuwa ndio nusu ya kwanza ya pigo linaloshikilia rumba ya Kongo, na anayeweza kuupiga makofi huku akisikiliza rumba amekwisha kupata sehemu ngumu zaidi ya mzunguko huo kabla hajaishika ala.

Mzunguko peke yake si wimbo. Katika kila noti 8 huenda ni 2 au 3 tu zinazobeba sauti ya wimbo, na zilizobaki ni za kujazia, na makosa mengi ya wanaojifunza kwa video yanatokana na kuiga noti zote kwa uzito mmoja bila kuzitenganisha. Pemba ina mfano ulio karibu kwa jambo hili. Msimu wa karafuu, watu wa nyumba hukaa jioni na mashada mabichi mbele yao, shada likashikwa kwa mkono mmoja na kubonyezwa juu ya kiganja cha mkono wa pili mpaka karafuu zikajitenga na makonyo, yaani vile vijiti vilivyozibeba. Kazi hiyo huitwa kuchambua, na mzoefu huifanya huku akizungumza, pasipo kutazama. Mwanafunzi wa banjo anatakiwa kulichambua somo vivyo hivyo: auimbe wimbo kwanza kwa mdomo, atafute kwenye nyuzi noti zile tu alizoziimba, azipige peke yake mpaka asiyejua chochote akipita autambue wimbo, ndipo azizungushie noti za kujazia. Na kama makonyo yasivyotupwa, bali hupelekwa kiwandani Wawi yakakamuliwa mafuta, noti za kujazia nazo si taka. Ndizo zinazoipa banjo ule mbubujiko wake, na wajibu wake ni kusikika kwa chini kidogo.

Mkono wa kushoto huhitaji maneno machache. Hubana nyuzi nyuma ya freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyokata shingo, na huongeza mapambo matatu: kugonga uzi kwa kidole ili utoe noti ya pili bila kudonolewa tena, kuuchomoa, na kuteleza juu yake kutoka freti moja hadi nyingine. Haya video huyaonyesha vizuri, kwa sababu mkono wa kushoto huenda taratibu kuliko wa kulia.

Upungufu mkubwa wa njia hii ni kwamba mwalimu wa kwenye kioo hasikii. Anaeleza, anaonyesha, anarudia kila anapotakiwa kurudia, wala hachoki, lakini mwanafunzi akikosea huendelea na somo kana kwamba amepatia. Kisiwa chenye vyuo vya Kurani kila kijiji kinaielewa tofauti hiyo kuliko mahali pengi, na bila kuyalinganisha mambo mawili yasiyo na hadhi moja, inatosha kukumbuka kwamba pale chuoni mtoto hahesabiwi kuwa amejua kwa sababu amemsikia mwalimu akisoma, bali kwa sababu mwalimu amemsikia yeye, akamsimamisha kwenye herufi aliyoiharibu na kumrudisha nyuma. Anayejifunza banjo kwa video hana budi kulitengeneza sikio hilo mwenyewe, na kifaa chake ni kinasa sauti cha simu ileile anayotazamia masomo. Simu huwekwa umbali wa mkono mmoja, dakika moja ya mazoezi ikarekodiwa, na kusikilizwa kesho yake badala ya papo hapo, kwa sababu mtu aliyetoka kupiga husikia alichokusudia kupiga. Kinachosikilizwa ni vitu vichache vilivyo wazi: kama nafasi kati ya noti na noti ni sawa, kama gumba halizifuniki noti za vidole viwili vingine, na kama mzunguko haukatiki pale mkono wa kushoto unapohama. Metronomu, programu ya simu inayogonga mapigo sawasawa, husaidia kwenye lile la kwanza. Kwa mapigo 60 kwa dakika na noti 2 katika kila pigo, mwanafunzi hupiga noti 2 kwa sekunde, yaani robo ya mwendo wa kasi uliotajwa juu, na kasi ipandishwe pale tu rekodi inaposikika safi. Robo hii ya mwendo iliyo mkononi ina faida kuliko ile robo ya mwendo iliyo kwenye kioo.

Kwa kuwa masomo ni ya bure na hayana idadi, hayana pia mpangilio. Video moja humwita mtazamaji kwenye nyingine, ya tatu ikapingana na ya pili juu ya mahali pa kuegesha kidole cha pete na cha mwisho juu ya ngozi ya ala, na baada ya mwezi mtu amejua mianzo ya nyimbo kumi asiumalize hata mmoja. Hapa uhaba wa bando, ambao kwa kawaida ni kero, unaweza kugeuzwa kuwa nidhamu. Anayelazimika kuhesabu data huchagua mwalimu mmoja, huhifadhi somo kwenye simu pale jukwaa linaporuhusu, na kulirudia wiki nzima. Ubora wa picha usishushwe mno kwa kubana matumizi, kwani picha ya kiwango cha 144p huvifanya vidole kuwa doa moja. Ile ya 360p huonyesha vya kutosha kwa gharama ndogo kuliko ya 1080p.

Hewa ya chumvi nayo ina neno lake. Banjo za siku hizi nyingi huwambwa plastiki badala ya ngozi, kwa hiyo masika hayazilegezi kama yanavyolilegeza gambusi, lakini nyuzi zake ni za chuma na hushika kutu upesi. Kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi huzirefushia maisha.

Iko hatua moja ambayo masomo ya bluegrass hayaigusi, nayo ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi Pemba: kuipeleka ala hiyo kwa wapigaji wengine. Taarabu inayopigwa Unguja na Pemba hutumia makamu, yaani mipangilio ya noti iliyopokewa kutoka kwa Waarabu, na baadhi yake, kama rasti na bayati, zina noti zinazokaa kati ya freti mbili za banjo. Udi na gambusi lisilo na freti huzifikia kwa kusogeza kidole kidogo, na fidla vilevile, ilhali banjo haiwezi. Mwanafunzi aanze basi na nyimbo za ajam, nahawandi au hijazi, ambazo freti za banjo zinazitosha. Uzi wa tano nao ni wa kuangaliwa, maana hupigwa karibu kila mzunguko na daima hutoa G. Mwimbaji akiimba kwa sauti isiyopatana na noti hiyo, uzi huo utampinga kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kibanio kinachofungwa shingoni hupandisha nyuzi nne ndefu, na ule mfupi hupandishwa peke yake kwa kigingi chake au kwa kunaswa chini ya kijisumari kilichopigiliwa kando ya freti. Kwa hiyo mpiga banjo aliyeketi karibu na mpiga udi huuliza kwanza mwimbaji anaanzia wapi, hupandisha uzi wa tano, kisha huugusa mara moja kwa gumba na kungoja mwenye udi aseme kama umefika.