Tafsiri ya Sayansi Isimpoteze Dereva wa Malaba

Wiki jana nikiwa nyumbani Khunyangu, kaunti ya Busia, kijana wa jirani anayesomea fizikia chuoni alinijia na ukurasa mmoja. "Shikamoo mwalimu. Hebu nisomee hii kabla sijawapa watu." Alikuwa amefasiri muhtasari wa utafiti kuhusu feraiti, yaani seramiki zenye usumaku. Chembe zake ndogo mno hutiwa kiasi kidogo cha metali kama gadolini ili zipunguze makali ya mionzi.

Nampongeza. Wasomi wetu wengi hutafiti kwa Kiingereza na utafiti wao hufia humo humo. Hata hivyo, tafsiri yake ina kasoro tatu, na zote ni za maana wala si za sarufi.

Kwanza, aliandika "feraiti iliyodopiwa". Mamake, aliyekuwa akitumiminia chai, akadakia: "Kwani hiyo si ni ile ya wakimbiaji?" Hakukosea. Kwa Mkenya, neno hilo ni la wanariadha wanaotumia dawa zilizoharamishwa. Katika seramiki, ioni chache za chuma huondoka na za gadolini hukalia nafasi zao. Mimi napendekeza "kuchopeka". Wanaisimu tunalitumia tayari: neno la Kiingereza "glass" lilipoingia kwetu, tulichopeka irabu likawa "gilasi". Najua kuna tofauti, kwani katika fuwele kigeni huchukua nafasi ya mwenyeji badala ya kujibana katikati. Lakini picha ya kitu kidogo kinachoingia katika mpangilio na kubadili tabia ya kitu kizima inabaki.

Pili, gadolini na wenzake aliwaita "udongo adimu". Jina hili limefasiriwa neno kwa neno, na hata huko lilikotoka linapotosha. Hizi ni metali 17, si udongo wa kufinyangia vyungu. Wala zote si adimu: seri, mojawapo, inakaribiana na shaba kwa wingi katika ardhi. Kinachosumbua ni kuzitenganisha. Sisi wenyewe tunazo katika Mlima Mrima, Kwale. "Metali adimu" si jina kamili, ila angalau halimpeleki msomaji kwa mfinyanzi.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonitia hofu. Aliandika kwamba seramiki hii "ni kinga, na sumaku yake huvuta mionzi na kuizuia kabisa". Mjombake, dereva wa trela anayepita Malaba kila juma, alikuwa ameketi nasi. Kule mizigo hukaguliwa kwa mitambo ya eksirei. Akacheka: "Basi mimi nishonewe koti la hiyo kitu, nisimame popote nitakapo!"

Sentensi moja tu, na mtu mzima tayari amepotoshwa. Eksirei hazina chaji, kwa hivyo sumaku haiwezi kuzivuta. Kinachozifyonza ni atomi nzito: ya chuma ina elektroni 26, ya gadolini 64. Risasi ina 82, ila ni sumu, ndiyo maana watafiti wanasaka mbadala. Usumaku wa feraiti una kazi yake, hasa dhidi ya mawimbi ya redio na maikrowevu. Isitoshe, "kinga" humkumbusha msomaji chanjo, kana kwamba mwili umeshakuwa sugu. Neno faafu ni "ngao", na kitenzi chake ni "hupunguza". Ngao nene hupunguza zaidi, nyembamba hupunguza kidogo.

Kijana alinipinga. "Lakini mwalimu, nikiandika 'hupunguza' wataona utafiti ni bure." Nilimwambia kwamba anayemwahidi dereva zaidi ya alichopima maabara hamwelimishi, anamuuzia dawa ya mitishamba. Alinyamaza, akachukua kalamu.

Nadhani vyuo vyetu vingemtaka kila mtafiti wa sayansi aandike muhtasari wake kwa Kiswahili pia, kisha usomwe na mwanaisimu na mwanafizikia kwa pamoja. Mimi peke yangu ningerekebisha "udongo" na kuiacha ile sumaku ivute. Na wa tatu awe mtu kama yule dereva. Kicheko chake kilifichua kosa haraka kuliko kalamu yangu nyekundu.