Ondoa Kwanza, Ua Baadaye: Jinsi Mashine Inavyoosha Mikasi ya Upasuaji

Doa la damu kwenye kanga halifuliwi kwa maji ya moto. Anayejua huliloweka kwenye maji baridi mpaka lilegee, ndipo aje na sabuni. Aliyelimwagia maji yanayochemka hubaki na alama ya kahawia isiyotoka tena. Ni jambo lilelile linalotokea kwa ute wa yai kikaangoni: protini ikipata joto hubadilika umbo, hushikana, hung'ang'ania pale ilipo. Kwenye kanga, hasara ni nguo. Kwenye maungio ya mkasi uliotoka tumboni mwa mgonjwa, uchafu uliogandishwa unamsubiri mgonjwa wa kesho.

Mashine ya kuoshea vifaa vya upasuaji imejengwa juu ya elimu hiyo ya ufuaji. Kwa nje inafanana na mashine ya kuoshea sahani: kabati la chuma cha pua, trei za waya, mikono inayozunguka ikirusha maji kutoka juu na chini. Kinachoitofautisha ni utaratibu wake. Huanza na maji baridi, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, na maji hayo yakishachafuka humwagwa yote. Kisha huingia maji mapya yenye sabuni ya alkali au ya vimeng'enya vinavyokatakata protini, na joto huanza kupanda. Hufuata suuza. Uchafu ukiwa umekwisha kuondoka, ndipo mashine inapopandisha maji hadi nyuzi 80 au 90 kuua vimelea, kisha hukausha kwa hewa ya moto.

Kuondoa kwanza, kuua baadaye. Kwa macho yangu, hapo ndipo lilipo fanikio la mashine hizi, kuliko hata nguvu za pampu zake. Mtu aliyechoka, mwenye trei kumi mezani na daktari anayegonga mlango akidai seti yake, hushawishika kuanza na maji ya moto au dawa kali. Mashine haishawishiki.

Hatua ya kuua nayo ina hesabu yake, iliyowekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 15883, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2006. Kipimo huitwa A0. Sekunde moja katika nyuzi 80 huhesabiwa moja, na kila joto likipanda kwa nyuzi 10, sekunde hiyo hufanya kazi mara kumi. Kwa hiyo dakika 10 katika nyuzi 80 ni A0 ya 600, sawa kabisa na dakika 1 katika nyuzi 90. Ukishuka hadi nyuzi 70, kazi hiyohiyo inadai dakika 100. Dakika 5 katika nyuzi 90 hutoa 3000, kiasi kinachotumika pale panapohofiwa virusi sugu kwa joto, kama vya homa ya ini aina B. Hesabu hii ilimwondolea muoshaji mzigo wa kukisia kwa kiganja kama maji "yana moto wa kutosha".

Joto hilo hupimwa mara mbili: kihisi kimoja huiongoza mashine, kingine huandika kumbukumbu peke yake, ili kosa la kimoja lionwe na mwenzake. Katika hospitali kubwa mashine hujengwa ukutani ikiwa na milango miwili, mmoja upande wa uchafu, mwingine upande safi. Mzunguko ukiharibika katikati, mlango wa upande safi haufunguki.

Uangalifu huu wote una historia chungu. Mwaka 1977 jarida la The Lancet lilichapisha habari za vijana wawili wa Zurich, Uswisi, waliopata ugonjwa wa ubongo uitwao Creutzfeldt-Jakob baada ya kuingizwa elektrodi kwenye ubongo kuchunguza kifafa chao. Elektrodi hizo zilikuwa zimetumika kwa mgonjwa wa maradhi hayo, kisha zikatakaswa kwa pombe ya asilimia 70 na mvuke wa fomaldehaidi. Pombe na fomaldehaidi zote mbili hugandisha protini. Na chanzo cha ugonjwa huo ni prioni, yaani protini iliyopinda vibaya, isiyo kiumbe wa kuuawa, inayonata kwenye chuma na kustahimili joto la otoklevu, mashine ya mvuke, linalomaliza bakteria. Waliozitakasa walikuwa waangalifu kwa elimu ya siku zile. Walijitahidi kuua kitu ambacho kilipaswa kuondolewa.

Mwaka 1996 Uingereza ilitangaza aina mpya ya ugonjwa huo, iliyohusishwa na kichaa cha ng'ombe, na swali likawa la taifa zima: ni watu wangapi wanabeba prioni bila kujua, na mikasi iliyowagusa inaoshwaje? Mwaka 2001 serikali ilitenga pauni milioni 200 kuboresha usafishaji wa vifaa katika hospitali za England. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwenye masinki ya wodini na nyuma ya vyumba vya upasuaji ilihamishiwa zaidi katika vituo maalumu vyenye mashine zinazopimwa mara kwa mara. Baadaye mwongozo wa England uitwao HTM 01-01 ukaweka lengo la protini isiyozidi maikrogramu 5 kwa kila upande wa kifaa. Ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Ndiyo maana mashine hujaribiwa kwa uchafu wa kutengenezwa. Mchanganyiko mmoja maarufu, wa Edinburgh, una damu, kiini cha yai na ute wa tumbo la nguruwe; hupakwa kwenye vifaa, vikakauka, kisha mashine ikaachiwa ioneshe uwezo wake. Kwa vifaa vya wagonjwa kuna kipimo cha ninhidrini: unapangusa chombo kwa pamba, unaipa dawa, ikigeuka zambarau pana protini. Lakini protini iliyokwisha kugandishwa hukataa hata kupanguswa, na pamba inaweza kutoka nyeupe huku chuma kikiwa kichafu.

Mashine nayo ina pale inaposhindwa. Maji yanayorushwa hayapindi kona: mkasi uliofungwa hubaki mchafu kwenye maungio, bakuli lililolazwa juu ya vibano huvikinga, na mrija wa kifaa cha upasuaji wa matundu madogo usipounganishwa na bomba lake la ndani huoshwa nje tu. Kwa vifaa vya namna hiyo huongezwa beseni la mawimbi ya sauti yasiyosikika. Mawimbi huzalisha vipovu vidogo mno ambavyo vikipasuka hubandua uchafu kwenye mifereji. Beseni lenyewe hupimwa kwa karatasi ya alumini: ikizamishwa na kutoka na vitobo vilivyosambaa kila upande, beseni linafanya kazi.

Adui mkubwa zaidi hushindwa au hushinda kabla trei haijafika kwenye mashine, nao ni ukavu. Muuguzi anayepangusa vifaa kwa maji safi upasuaji ukiendelea, kisha akavifunika kwa kitambaa chenye unyevu au akavipulizia povu, amefanya nusu ya kazi. Atumie maji safi, asitumie maji ya chumvi ya dripu, kwa sababu kloridi hutoboa utando wa oksidi ya kromiamu unaolinda chuma cha pua, na kutu huanzia kwenye vitobo hivyo.

Hapa ndipo habari hii inapotuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Wauguzi wetu wengi walifundishwa ndoo ya jiki: sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, upate klorini ya asilimia 0.5, vifaa vikae humo dakika 10 kabla ya kuoshwa. Nia ilikuwa njema, kumlinda muoshaji. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 haupendekezi tena utaratibu huo: damu hudhoofisha klorini, klorini hula chuma, na anayeishika huumia. Ni kosa la Zurich katika ndoo ya plastiki, kuua kabla ya kuondoa. Muoshaji analindwa na glavu nene, aproni na miwani.

Hospitali ya wilaya isiyo na maji ya uhakika wala umeme usiokatika haitanufaika na mashine iliyofungwa mwaka huu ikafa mwakani kwa chokaa ya maji magumu. Utaratibu wa mashine, hata hivyo, unaweza kufuatwa kwenye sinki, kwa kipimajoto na sabuni sahihi. Mkasi unafunguliwa, unazamishwa chini ya uso wa maji ili matone yasimrukie mtu, na maungio yanasuguliwa kwa brashi laini ya nailoni, maji yakiwa bado baridi.