Zizi la Baba na Umri wa Binti: Kuhusu Vitabu vya Monica Wilson

Monica Wilson na mumewe Godfrey waliyachunguza maisha ya Wanyakyusa wa Rungwe baina ya miaka 1934 na 1938. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni Good Company, kilichopigwa chapa mwaka 1951, na For Men and Elders, kilichotoka mwaka 1977. Cha kwanza chaeleza vijiji vya marika. Cha pili chapima mahusiano ya vizazi, na ya waume na wake, tangu 1875 hadi 1971. Avisomaye pamoja hupata jibu la swali ambalo wengi hulijibu kwa pupa: kwa nini binti aliozwa angali mtoto?

Jibu la pupa ni mila. Sifa ya Wilson ni kuwa hakuridhika nalo. Alionyesha kuwa mila ile ilikuwa na hesabu ndani yake. Mahari yalikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba. Kijana wa kiume alilingoja zizi hilo hata akaukaribia umri wa miaka 25 au kuupita. Binti aliposwa kabla ya kuvunja ungo. Tofauti hiyo ya miaka ndiyo iliyowawezesha wazee kuwa na wake wengi. Ng'ombe walioingia kwa binti walitoka tena kumwolea kaka yake, au baba mwenyewe.

Hesabu hiyo ilitikisika vijana walipokwenda kwenye dhahabu ya Lupa wakarudi na fedha zao wenyewe, na kahawa ilipowapa wengine mapato yasiyotoka zizini. Hapa Wilson ni mwalimu hodari: mila hufuata mkono ushikao mali.

Kasoro ya kazi hii ni ya mizani. Msomaji humwona binti akipita kutoka zizi hadi zizi, lakini ni nadra kuusikia moyo wake. Jina la kitabu cha pili limesema kweli: mambo yalipangwa kwa ajili ya wanaume na wazee.

Tena kitabu kinakoma mwaka 1971, mwaka uleule ilipotungwa Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo iliweka miaka 18 kwa mume na 15 kwa mke. Binti asiyetimiza 18 alitakiwa apate idhini ya baba. Neno la mama lilihesabiwa baba akiwa amekufa. Yaani tofauti ya miaka na mkono wa baba, vilivyokuwa zizini, vikahamia katika karatasi za Serikali. Mahakama Kuu iliipinga tofauti hiyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu mwaka 2019.

Katika nchi nzima, wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya 18 walikuwa asilimia 37 mwaka 2010, na 31 katika uchunguzi wa 2015 na 2016. Upungufu upo, lakini si mkubwa. Katazo la kumwoa mwanafunzi, lililotungwa mwaka 2016, lilimkinga aliye darasani. Aliyeishia darasa la saba alibaki nje ya ua huo.

Ailaumuye mila ya Rungwe peke yake hajavisoma vitabu hivi vizuri. Na aulize kwanza: mali i mkononi mwa nani, na binti ameulizwa na nani?