Maji Baridi kwa Farasi Aliyechemka: Jinsi Atlanta 1996 Ilivyovunja Mwiko

Kwa vizazi vingi watunza farasi wa Ulaya walirithishana mwiko: farasi akitoka mbioni mwili ukiwa moto, usimmwagie maji baridi. Waliamini mishipa ya ngozi ingejifunga, joto lingenaswa ndani na misuli mikubwa ya mapaja ingekakamaa. Mwiko huo ulivunjwa wakati wa maandalizi ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, na kwa maoni yangu kilichouvunja ni uamuzi wa watafiti kuhusu mahali pa kupima joto.

Hofu ilianzia Barcelona mwaka 1992, ambako baadhi ya farasi wa mashindano ya siku tatu walimaliza mbio za nyika wakiwa hoi. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Conyers, karibu na Atlanta, ambako joto la Julai huja na unyevu mwingi hewani. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, likataka majibu ya kisayansi. Miongoni mwa walioyatafuta walikuwa Leo Jeffcott wa Chuo Kikuu cha Cambridge na David Marlin wa Animal Health Trust, mjini Newmarket.

Tatizo lenyewe ni la hesabu. Nishati anayotumia farasi akikimbia, robo yake au pungufu ndiyo inayogeuka mwendo. Iliyobaki yote ni joto. Na mnyama wa kilo 500 ana ngozi ndogo ukiilinganisha na uzito wake. Tegemeo lake kubwa ni jasho: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Sharti ni likauke. Nguo iliyoanikwa Mombasa siku za masika hushinda kambani na jioni bado ni mbichi. Ndivyo na jasho la farasi katika hewa nzito ya Georgia, hudondoka chini kabla halijafanya kazi yake.

Basi watafiti waliwakimbiza farasi kwenye mikanda ya mazoezi ndani ya vyumba vilivyowekwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, wakiiga hatua za mashindano yenyewe. Walipima joto la damu katika ateri ya mapafu, inayopitisha damu iliyorudi kutoka mwili mzima. Kipimajoto cha kawaida, kinachoingizwa njia ya haja kubwa, huchelewa. Farasi akishasimama, damu inaweza kuwa imeanza kupoa huku kipimajoto hicho kikiendelea kupanda. Aliyemwaga maji na kuona namba inapanda angeapa kwamba joto limenaswa ndani. Nadhani hapo ndipo mwiko ulipopata nguvu.

Kumpunguzia farasi wa kilo 500 nyuzi moja kunahitaji kuondoa kilojuli 1,700 hivi. Lita 20 za maji ya nyuzi 10, zikipashwa na ngozi hadi nyuzi 30, hubeba karibu kiasi hichohicho bila tone moja kukauka. Kwa vitendo faida ni ndogo kuliko hiyo, maana maji mengi hutiririka kabla hayajapata joto lote, lakini njia hii haizuiwi na unyevu wa hewa. Na katika majaribio ya kumwagia maji baridi, misuli iliyoogopewa haikuonyesha madhara.

Utafiti ulionyesha pia kwamba farasi huzoea joto lenye unyevu akizoezwa ndani yake. Jaribio moja la Marlin na wenzake lilitumia dakika 80 kila siku kwa siku 15. Huko Conyers mbio zilifupishwa, zikaanza asubuhi mapema, mapumziko yakaongezwa, feni za kurusha ukungu wa maji zikafungwa. Janga lililohofiwa halikutokea.

Kunywa nako kuna mtego wake. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kama damu yake au zaidi, hivyo akipoteza maji, damu haikolei chumvi na kiu haimshiki. Anaweza kuikataa ndoo huku mwili umekauka. Watafiti wa Sweden walibaini kwamba akipewa kwanza maji yenye chumvi kidogo, hunywa zaidi. Nyasi kavu nazo husaidia, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hushikilia akiba ya maji katika utumbo mpana.

Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walilinganisha njia za kupoza. Maji ya bomba ya nyuzi 26 yaliyotiririka mfululizo yalishinda maji ya nyuzi 10 yaliyomwagwa kwa vipindi na kukwanguliwa. Kwangu hilo ndilo tokeo muhimu kuliko yote, kwani maji ya bomba hupatikana bila barafu.

Kwa hiyo ukiwa na farasi aliyechemka, anza kummwagia maji mara moja, mwili mzima, na usiache mpaka pumzi itulie. Vipimo vyote hivi ni vya farasi. Punda wa Lamu hubeba mizigo katika joto na unyevu unaofanana na ule wa Georgia, na jasho lake halilingani na la farasi. Wataalamu wa mifugo wa vyuo vikuu vya Sokoine na Nairobi, mpimeni naye.