Mhariri, Mkusanyaji au Mteuzi?

Miongoni mwa istilahi za uchapishaji zinazotumiwa pasipo uangalifu ni "mhariri". Asahihishaye makala ya gazeti huitwa mhariri; ateuaye hadithi za waandishi wengi na kuzitia katika kitabu kimoja huitwa vivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa Gardner Dozois wa Marekani, aliyefariki mwaka 2018. Tangu 1984 alitoa kila mwaka kitabu cha bunilizi bora za kisayansi, vilifika 35. Alisoma majarida na vitabu vya mwaka mzima, akachagua, akaandika utangulizi mrefu wa kuutathmini mwaka, na mwishoni akaorodhesha hadithi nyingine zilizostahili kutajwa. Kusahihisha hakukuwa kiini cha kazi hiyo, kwani hadithi zilikwisha kuchapishwa kwingine.

Wapo watakaopendelea "mkusanyaji". Neno hili lamfaa anayekusanya ngano na methali kwa wazee. Hapa lapotosha: laufanya uamuzi uonekane kuwa uokotaji tu, na msomaji hajui amwulize nani kwa nini hadithi fulani iliachwa.

Ni rai yetu kwamba aitwe "mhariri mteuzi", na kitabu chake "mkusanyiko teule"; "diwani" ibakie ya mashairi. Aidha, "bunilizi za kisayansi" zisifupishwe kuwa "hadithi za sayansi", mwanafunzi asije akazitafuta penye vitabu vya fizikia. Twawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao kabla hayajasanifiwa.